Kilichoua Mtoto wa Florentine

Watu wa Nyamianda, mtaa wa wavuvi kule Uvira, hawakosi jibu. Waulize kwa nini ndagala, dagaa wa ziwani, wameadimika, kwa nini barabara ya Bukavu imekatika, kwa nini mtoto wa Florentine alifia tumboni, na kabla hujafunga mdomo utakuwa umepewa majibu ya kujaza kapu. Florentine aliyasikia yote kwa miaka miwili. Kwamba alikuwa na mwanamume wa pembeni. Kwamba alikula mayai. Kwamba alichezea dawa ya vita. Uongo wa majibu hayo haukumchosha sana. Kilichomchosha ni kwamba kila mtu alikuwa na uhakika, na yeye peke yake, mwenye tumbo, ndiye aliyekuwa hajui.

Naye alitaka kujua. Machozi yalikwisha kumkauka, kwa hiyo hakutafuta sababu ya kulia tena. Alitaka kujua kwa kuwa mama mkwe wake, Apolline, alidai mjukuu wa kiume, na mumewe Hyacinthe, kabla ya kusukuma mtumbwi wake kila jioni, alimtazama kama mtu anayedai haki yake. Mtoto aliyebaki alikuwa mmoja, binti, Anne, wa miaka mitano. Mimba ya pili ilikuwa imemuua mtoto na nusura imuue mama. Kama ya tatu ingekuja na balaa lile lile, Anne angelelewa na nani? Apolline? Mungu apishie mbali.

Florentine alizaliwa Runingu, kule bondeni kwa walimaji wa mihogo na pamba, na aliolewa Uvira mwaka wa depanda, kama watu walivyouita uhuru. Mwaka huo kila mtu aliahidiwa kila kitu. Wazungu wataondoka, kazi za shokoa, zile za kulazimishwa, zitaondoka nao, na mke wa mvuvi atalala kitanda chenye godoro. Wazungu waliondoka, kweli. Mengine yangali yakisubiriwa.

Tusimwonee Hyacinthe. Alikuwa kijana mpole, mwepesi wa kucheka, aliyembeba Anne mabegani mpaka sokoni huku wanaume wenzake wakimtania kwamba amegeuka yaya. Hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Ndiyo maana jambo alilolifanya lilimkaa Florentine kooni: lingekuwa la mlevi mwenye mazoea, angelimeza pamoja na mengine.

Mwaka wa sitini na nne waasi waliingia Uvira, na Hyacinthe akajiunga nao. Sababu zake zilikuwa za haki, walau nusu. Aliona wakubwa wapya wa serikali wakinenepa, akaona nyavu zake zikizeeka. Mganga wa vita alimchanja kwenye paji la uso, akamnyunyizia maji, akampa masharti: asiibe, asigeuke nyuma vitani, asiguse mwanamke wala asiguswe naye. Akiyashika, risasi za serikali zitamwagika mwilini mwake kama maji. Akivunja moja, atakufa, na huenda na wenzake watakufa naye.

Basi kukawa na desturi ile ya sahani. Mke aliyempelekea mumewe chakula kule ufukoni walikopiga kambi aliiweka sahani chini, kwenye mchanga, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama mikono kifuani. Ndipo mwanamume alipokuja kuichukua. Hakuna salamu ya mkono, hakuna mtoto kupokezana. Wanawake wengine walicheka kichinichini wakisema kwamba hawajawahi kuwa na waume wenye adabu kiasi hicho. Florentine naye alicheka, siku za mwanzo.

Kiangazi kilipokolea, tumbo lake lilikuwa limeingia mwezi wa nane. Kichwa kilimgonga tangu asubuhi hadi jioni, miguu ilimvimba hata ndara hazikumwingia, na wakati mwingine aliona cheche mbele ya macho mchana kweupe. Alimwambia mama mkwe. Apolline akamwambia kwamba mimba si ugonjwa, akampa tumbako yake ya maji avute kidogo puani atulie. Ndiyo tumbako ya wazee wa kule: majani yanalowekwa, maji yake unayamimina kiganjani, unayavuta kwa pua, kisha unabana pua kwa kibanio cha mti mpaka yakolee. Florentine alikuwa ameizoea tangu alipoolewa, kwa kumfurahisha mama mkwe kwanza, baadaye kwa kujifurahisha mwenyewe.

Siku hiyo alifika ufukoni saa za jua kali na sahani ya ugali na ndagala. Hyacinthe alisogea mbele, mkuki mkononi, wenzake wakiwa wameketi nyuma yake kando ya mtumbwi uliopinduliwa. Florentine alitaka kuinama. Tumbo likakataa. Alijaribu kupiga magoti, kizunguzungu kikamshika, akahisi kwamba akishuka hatapanda tena. Akafanya kitu ambacho mke yeyote wa nchi yoyote angekifanya: akamnyooshea mumewe sahani. Vidole vyao vikagusana chini ya ukingo wake.

Hyacinthe aliruka kama aliyeungua. Wenzake wakapiga kelele. Labda ni kelele zile, labda ni hofu, labda ni aibu ya kuonekana ameguswa. Aligeuza mkuki, akamsukuma mkewe kwa mpini, kwa nguvu zake zote, katikati ya tumbo. Florentine akarudi kinyumenyume, akajikwaa, akaangukia kwa ubavu ubao wa mtumbwi mwingine uliokuwa nyuma yake. Ugali ukaingia mchangani. Hyacinthe hakumwinua, maana kumwinua kungekuwa kumgusa.

Alijiinua mwenyewe, akarudi nyumbani. Kabla jua halijazama maumivu yakamshika, si yale ya kuja na kuondoka aliyoyajua kwa Anne, bali maumivu yasiyopumzika. Tumbo likawa gumu kama ubao. Mtoto, ambaye siku nzima alikuwa akimpiga mateke, akatulia. Kisha damu ikaja, nyeusi, si nyingi mwanzoni. Masera, watawa wa misioni, walikuwa wamekimbia vita na zahanati ilikuwa imefungwa. Apolline akaita wanawake, akafunga mlango, akasimama miguuni pa mkwe wake.

“Weye mutoto wa Runingu, sema jina,” alisema. “Mutoto hatoki juu ya ule mwanaume uko naficha. Sema jina, tumbo ifunguke.”

“Hakuna jina, mama.”

“Sema!”

Waliendelea hivyo, mmoja akidai jina na mwingine akitafuta pumzi, mpaka bibi kizee wa jirani, Consolate, aliyekuwa amezalisha wengi, akamsukuma Apolline kando na kuingiza mikono. Alikuwa mtoto wa kiume, mzima wa viungo vyote, mweupe midomo. Pamoja na kondo lake likatoka bonge la damu iliyoganda kama maini. Consolate alilitazama kwa muda, akatikisa kichwa, akalifunika. Florentine alilala wiki nyingi bila nguvu ya kuinua kikombe, na alipoweza kusimama mtoto alikuwa amezikwa zamani nyuma ya migomba.

Majeshi ya serikali yalirudi kabla mwaka haujaisha. Hyacinthe akakimbilia milimani, akakaa huko miezi mingi, akashuka amekonda, na chale zake amezifunika kwa kofia. Wengi walishuka hivyo, na mji mzima ulikubaliana bila kikao kwamba mtu asimuulize mwenzake alikuwa wapi. Usiku wake wa kwanza nyumbani, Florentine alisubiri neno moja tu. Akalipata.

“Nilikukatazaka kunigusa,” Hyacinthe alisema. “Ona sasa. Dawa ilikula mutoto.”

Alisema kwa huzuni ya kweli, na hilo ndilo baya zaidi. Aliamini. Mamaye naye akaamini, akaongeza lake la mwanamume wa pembeni ili asipoteze kitu. Na wote wawili wakaona tiba ni moja: mtoto mwingine, upesi. Florentine alianza kuumwa mgongo jioni, kufunga sala za siku nyingi, kulala na Anne kwa kisingizio cha homa ya Anne. Miezi ikapita namna hiyo. Visingizio vikaanza kuchakaa.

Mwaka wa sitini na sita alisikia sokoni kwamba zahanati fulani imepata mkunga aliyesomea Bukavu, Mama Marie-Jeanne, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu. Alikwenda kumwona. Mkunga akamwambia aje na mumewe, kwa kuwa mimba haibebwi na mtu mmoja. Hyacinthe alikubali kwa furaha. Alidhani wanakwenda kuchukua sindano ya kushika mimba.

Marie-Jeanne aliwaketisha kwenye benchi moja. Alimfunga Florentine kitambaa mkononi, akakijaza hewa, akasikiliza, akakunja uso, akarudia.

“Mama Anne, mbele ya ile siku kichwa kilikuwa kinakuuma?”

“Sana. Na nilikuwa naona vitu vinawaka-waka mu macho.”

“Miguu ilivimba?”

“Mupaka huku juu.”

“Na tumbako?”

Florentine akaona haya. “Ya mu mapua, ile ya maji. Mama mukwe yeye njo ananipatiaka.”

Marie-Jeanne akavuta kiti karibu. “Sikieni bote wawili. Mutoto mu tumbo anakulaka na anapumuaka kupitia ile nyumba yake, ile inatokaka nyuma. Inashikamana na tumbo ya mama. Kwako ilibanduka mbele ya wakati. Damu ikajaa katikati, tumbo ikakuwa nguvu, mutoto akakosa pumuzi. Haikuwa ulozi.”

“Na dawa ya vita?” Florentine aliuliza. “Kama mwanamuke aligusa muntu mwenye kuwa na dawa?”

“Kugusa muntu haibanduake kitu.”

Hyacinthe akatazama kofia yake, aliyokuwa amekataa kuivua.

“Sasa juu ya nini ilibanduka?” Florentine akauliza tena.

“Iko mambo mingi. Tansio ikipanda, njo damu inasukuma kwa nguvu kupita kipimo, na yako hata leo iko juu. Mapacha. Tumbako, badokteri bengine banaanza kuisema. Mara ingine inabanduka tu, hakuna mwenye anajua. Na tena, kupigwa mu tumbo, ao kuanguka.” Akamtazama Florentine machoni. “Uliangukaka? Ao kuna mwenye alikupiga?”

Florentine akamgeukia mumewe. Si kwamba aliogopa kujibu. Tangu usiku ule aliporudi mumewe kutoka milimani alikuwa akimwekea jibu hili, kama mtu anavyomwekea mwenzake kipande cha samaki chini ya sufuria. Lilikuwa la Hyacinthe. Aseme tu: ni mimi. Aseme hata kwa kunong'ona, hata kwa kuitupia vita lawama yote, na Florentine angekuwa tayari kumeza vidonge, kuacha tumbako, na kuyatia maisha yake hatarini mara nyingine kwa ajili yake. Ninaamini angefanya hivyo. Alikuwa bado anampenda, mpumbavu yule.

“Hapana,” Hyacinthe alisema. “Hakuangukaka. Hakuna mwenye alimugusa.”

Mkunga akawatazama, mmoja kisha mwingine. “Basi tushike tansio,” akasema mwishowe.

Njiani kurudi Hyacinthe alitembea kama aliyetuliwa mzigo. Alisalimia watu asiowajua. Kabla ya jua kushuka mtaa mzima ulikuwa umepata jibu jipya, la kisomi, lenye jina la Kifaransa. “Ni tansio,” aliwaambia wavuvi wenzake. “Munganga wa zahanati alipima. Ni damu ya bibi yangu njo ilimuua mutoto.” Apolline alilipokea neno hilo kama zawadi. Zamani alilazimika kutafuta mwanamume wa pembeni ambaye hakuna aliyemwona. Sasa mkunga mwenye cheti amethibitisha kwamba ubaya umo ndani ya mkwe wake, unazunguka mishipani. “Damu ya batu ya Runingu,” alisema, akabana pua yake kwa kibanio na kufumba macho.

Florentine alikuwa amekwenda kutafuta ukweli ili umwokoe, na walimpiga kwa huo huo. Hasira ilimpanda siku ile kuliko hata siku ya mtumbwi. Siku ya mtumbwi angalau Hyacinthe alikuwa na hofu ya kufa. Mbele ya Marie-Jeanne alikuwa na hofu ya nini? Ya mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kupima mkono?

Alirudi zahanati peke yake, akasimulia yote: sahani, vidole, mpini, ubao. Alisimulia akiwa amesimama. Marie-Jeanne alisikiliza mpaka mwisho na hakuandika kitu.

“Nilijua,” alisema. “Vile ulikuwa unamuangalia.”

“Sasa niambie. Ilikuwa yeye, ao damu yangu?”

“Sitakudanganya, mama. Inaweza kuwa ule mpini. Inaweza kuwa tansio ilianza kubandua, mpini ikamaliza. Mimi sikukuwa pale, na hata ningekuwa pale, pengine singejua.”

Florentine alitamani kumpiga kofi. Miaka miwili ya kutafuta, na mtu wa kwanza asiye na uhakika ndiye anayejua zaidi. Kisha akaketi, akalia kidogo, kwa kuwa huyo pia alikuwa mtu wa kwanza kutomwekea hatia mabegani.

“Na nikibeba tena?”

“Ikibandukaka mara moja, inaweza kurudi. Si lazima irudi. Kwanza tushushe tansio, na isishuke leo kesho ipande. Tumbako uache kabisa. Ukibeba, uje nikupime mara kwa mara, na mwezi wa saba uje kukaa karibu na hospitali, usingojee huko nyumbani. Tumbo ikikaza bila kuachia, ao ukiona hata tone ya damu, ukimbie. Usiulize muntu ruhusa.”

“Na kupigwa?”

Marie-Jeanne alikunja kitambaa chake taratibu. “Tansio niko na vidonge yake. Tumbako uko na akili yako. Kupigwa sina dawa yake. Ile ni weye na ule muntu.”

Florentine alikwenda nyumbani akapika. Alikaanga ndagala vizuri, akasonga ugali, akajaza sahani, akashuka nayo ufukoni, ambako Hyacinthe alikuwa akishona wavu pamoja na wenzake. Wawili kati yao walikuwa pale pia siku ya mtumbwi, nao waliuona ule mpini kwa macho yao. Akasimama mbele ya mumewe. Mwili wake ulikuwa mwepesi, hakuna kilichomzuia. Akainama, akaiweka sahani kwenye mchanga, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama mikono kifuani.

Sindano za kushonea wavu zikasimama zote.

“Mama Anne,” Hyacinthe alisema kwa sauti ya chini, “ile vita iliisha.”

“Munganga aliniuliza kama niliangukaka. Ulijibu pa nafasi yangu. Jibu tena, hawa banakusikia.”

Hyacinthe aliwatazama wale wawili, nao wakatazama wavu. Kwa muda mfupi uso wake ukawa ule wa kijana aliyebeba mtoto mabegani, na Florentine, Mungu amsamehe, akaanza kutumaini.

“Ilikuwa tansio,” Hyacinthe akasema.

“Sawa. Basi usiniguse.”

Hakumgusa tena. Alijaribu kubembeleza, akajaribu kugomba, akamleta katekista, akamtuma mamaye. Mkono hakuinua, maana sasa watu walikuwa wakitazama. Jibu la Florentine lilibaki lile lile: siku utakayosema kilichotokea, nitakunywa vidonge na tutazaa. Vidonge alivinywa hata hivyo, kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe na kwa ajili ya Anne, na tumbako akaiacha, jambo lililomuudhi Apolline kuliko yote. Sahani ya Hyacinthe iliwekwa chini mchana na jioni, mwaka mzima na zaidi, naye akaiinamia. Neno lile dogo halikumtoka. Wapo wanaume wanaoweza kuvuka ziwa katika dhoruba lakini hawawezi kuvuka sentensi moja.

Mwishowe alioa mke mwingine, binti wa kutoka Kiringye aitwaye Inamahoro, mwenye macho ya kucheka. Apolline alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Florentine alihamia chumba cha nyuma na Anne, akauza ndagala wakavu, akazeeka kabla ya wakati. Watu walisubiri kuona wivu. Wivu ulikuwepo, kwa nini tuuongope, lakini tumbo la Inamahoro lilipoanza kuonekana, Florentine alimwita nyuma ya nyumba, karibu na ile migomba, akamketisha kwenye mkeka.

Alimweleza yote. Habari ya kichwa kinachogonga na cheche machoni. Habari ya miguu. Tumbako ya mama mkwe, aikatae hata akitukanwa. Tumbo likikaza lisiachie, akimbie kwa Marie-Jeanne, asingoje mtu arudi ziwani. Binti alisikiliza, mkono tumboni, macho yake hayacheki tena.

“Na yeye?” aliuliza. “Papa Anne iko mubaya?”

Florentine alifikiri sana kabla ya kujibu, kwa kuwa hakutaka kumsingizia.

“Hapana,” alisema. “Lakini chakula yake umuwekeeke chini, mbali na weye. Na siku tumbo itakuzuia kuinama, umuache alale na njaa.”